MTOTO WA NDEGE ALIYEANGUKA: MAPENDO, SHERIA NA KAZI

 

Mvua zinapoanza, ndege wengi wanajenga viota. Wanajenga katika miembe ya site, chini ya mabati ya nyumba zetu, katika nguzo za umeme, na hata juu ya mlango wa kanisa. Ndiyo majira ambayo watoto wetu, wakitoka masomo, wanaokota mtoto wa ndege chini ya mti. Wanamleta nyumbani amefungwa ndani ya viganja, wanauliza: "Mama, tumfanye nini?" Mzazi mmoja anajibu: "Mtupeni huko." Mwingine anasema: "Mpeni paka." Wa tatu, mwenye huruma, anasema: "Mpeni bukari, tumfuge."

Wandugu, swali la mtoto linataka jibu la kweli. Tumeona vema kulijibu hapa, maana linatufundisha jambo linalowahusu watu pia: mtu mwenye huruma afanye nini anapokuta kiumbe dhaifu njiani?

Tunajua wengine watanung'unika. Watasema: "Hapa Kolwezi kuna watu wenye njaa, kuna watoto wanaobeba mifuko ya madini, kuna nyumba zilizopasuka kwa ajili ya mashimo, nanyi mnaandika juu ya ndege?" Tunawajibu kwa upole. Bwana Yesu mwenyewe alipotaka kuwafundisha mitume wasiogope, alichagua mfano wa shomoro, ndege wa bei ndogo kuliko wote sokoni. Alisema kwamba hata mmoja wao haanguki bila Baba kujua (Mathayo 10:29). Basi kama Mungu anajua kuanguka kwa shomoro, sisi tunaomkuta pale alipoanguka hatuwezi kusema habari zake hazituhusu.

Katika Kanisa letu tumepokea maneno matatu ya kutuongoza: mapendo, sheria na kazi. Tuyatumie haya matatu kwa mtoto wa ndege, tuone yatatufikisha wapi.

1. MAPENDO YANAULIZA KWANZA

Moyo wa huruma unataka kuokota mara moja. Lakini mapendo ya kweli yanauliza kwanza: mama yake yuko wapi?

Kuna watoto wa ndege wa namna mbili, na mtu asiyewatofautisha atakosa. Wa kwanza ana manyoya mwilini, macho yako wazi, mkia bado mfupi, anarukaruka chini na kulia. Huyu hakuanguka kwa ajali. Amekuwa mkubwa, ametoka katika kiota ili ajifunze kuruka, kama vile mtoto wa mtu anavyoanguka mara nyingi kabla ya kutembea. Anaweza kukaa chini siku kadhaa, na wazazi wake wanamletea chakula hapo hapo. Ukimkuta na kumpeleka nyumbani kwako, hukumwokoa. Umemwiba. Mama yake atarudi na mdudu mdomoni, atazunguka na kulia, hatamwona.

Wa pili hana manyoya, au ana machache tu. Ngozi ni nyekundu, macho yamefumba. Huyu ndiye aliyeanguka kweli, au kiota chake kimeangushwa na upepo, au ametupwa chini na ndege mwingine. Huyu ndiye anayehitaji mkono wako, tena upesi, kwa sababu hawezi kutunza joto la mwili wake.

Hapa tuseme neno juu ya mafundisho ya wazee. Wengi wetu tulikatazwa utotoni kugusa mtoto wa ndege; tuliambiwa kwamba mama akisikia harufu ya mkono wa mtu, atamkataa. Katazo hilo lilikuwa jema, maana lililinda viota vingi dhidi ya mikono ya watoto. Lakini sababu yake si ya kweli. Ndege hawamtupi mtoto wao kwa ajili ya harufu ya mtu. Wanachoogopa ni mtu mwenyewe anayesimama karibu bila kuondoka. Kwa hiyo unaweza kumshika na kumrudisha, kisha uende zako ili mama apate njia.

Tunajifunza nini? Kwamba mara nyingi huruma yetu inatafuta kujifurahisha yenyewe. Tunataka kuwa na kitu kidogo cha kupenda, kisha tunakiita mapendo. Mtu anayependa kweli anatafuta faida ya yule anayependwa, hata kama faida hiyo ni kumwacha pale alipo na kurudi nyumbani mikono mitupu.

2. SHERIA INAWEKA MPAKA

Watu wengi hawajui kwamba Biblia ina sheria juu ya kiota cha ndege. Iko katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Tuifungue nyumbani, tuisome na watoto. Maana yake ni hii: ukikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au watoto, usimchukue mama pamoja na watoto, mwache mama aende.

Angalieni hekima ya sheria hiyo. Haikumkataza mwenye njaa kula. Mungu anajua kwamba watu wake wana tumbo. Lakini aliweka mpaka: usichukue vyote. Ukimwacha mama, atataga tena, na mwaka ujao kutakuwa na ndege. Ukichukua mama na watoto, umekula na mbegu. Na tazameni ahadi iliyofungwa na sheria hiyo: kufanikiwa na kuishi siku nyingi. Ahadi ya namna hiyo tunaikuta pia katika amri ya kuheshimu baba na mama. Aliyeheshimu mama wa ndege na aliyeheshimu mama yake mwenyewe, wote wawili wameahidiwa maisha marefu. Je, tutasema tena kwamba ni jambo dogo?

Hapa kwetu sheria hiyo inavunjwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni manati na ulimbo. Kijana anayempiga mama wa ndege wakati wa viota haui ndege mmoja. Wale watatu au wanne waliobaki juu watakufa kwa njaa na baridi, wala hatawaona.

Njia ya pili ni shoka. Tunajua kwamba makala ndiyo jiko la nyumba zetu nyingi, na hatuandiki ili kumlaumu anayetafuta maisha. Lakini kabla ya kukata, inua macho. Kwa ndege wadogo wengi, tangu yai mpaka mtoto kuruka ni karibu mwezi mmoja tu. Ukiona kiota chenye uhai, kata mti mwingine, au ngoja mwezi huo. Tumeona jinsi kartie ya Kasulo ilivyokuwa tangu 2014, watu walipojua kwamba kuna kobalti chini ya viwanja vyao: walichimba uani, walichimba hata ndani ya nyumba. Mahali ambapo watu wanachukua vyote, juu na chini, hata kivuli hakibaki. Mtu aliyezoea kungoja mwezi mmoja kwa ajili ya kiota atakumbuka pia kuwaachia watoto wake kitu.

Njia ya tatu inafanana na huruma, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Ni kununua. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo wanachukuliwa wakiwa wadogo na kuuzwa mijini na nchi za mbali, mpaka nchi za dunia, zilizokutana Johannesburg mwaka 2016, zikakata shauri la kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini. Mtu anamwona mtoto wa kasuku katika kikapu, anamhurumia, anatoa franga zake. Anafikiri amemkomboa. Lakini franga hizo ndizo zitamrudisha mwindaji msituni kesho. Huruma inayomlipa mwizi inazaa wizi mwingine.

3. KAZI INAKAMILISHA

Mapendo yameuliza, sheria imeweka mpaka. Sasa ni kazi. Haya ndiyo ya kufanya, nasi tunawaomba wazazi na walimu wa watoto wayafundishe:

Moja. Akiwa na manyoya na anarukaruka, mwache. Kama yuko katikati ya barabara, au mbwa na paka wako karibu, msogeze tu mpaka kwenye kichaka au tawi la chini lililo karibu. Fungia paka ndani. Simama mbali, ungoje saa moja au zaidi, utamwona mama akija.

Mbili. Akiwa uchi na kiota kinaonekana, mpashe joto kidogo mikononi, umrudishe kiotani, uondoke.

Tatu. Kama kiota kimevunjika, chukua kikapu kidogo au kopo ulilolitoboa chini ili maji ya mvua yatoke. Weka majani makavu ndani, ulifunge katika mti ule ule, mahali penye kivuli. Wazazi watafuata sauti ya mtoto wao.

Nne. Usimwagie maji mdomoni, maana yanaweza kuingia mapafuni na kumwua. Usimpe maziwa, ndege hanyonyeshi. Usimpe bukari wala mkate. Hata shomoro, ambaye akikua anakula nafaka, utotoni analishwa hasa wadudu laini.

Tano. Kama umeona kwa macho yako kwamba mama amekufa, au umengoja mchana mzima na hakuna aliyekuja, ndipo mtoto huyo ni yatima. Mweke katika sanduku lenye matundu, mahali pa joto, giza na utulivu. Uliza mganga wa wanyama kama yupo karibu. Mtoto mdogo anahitaji kula mara nyingi, kila nusu saa hivi, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama: kumbikumbi, panzi wadogo waliovunjwa, funza. Ni kazi kubwa, na wengi wanakufa hata hivyo. Asiyeweza kazi hiyo asianze kwa mchezo. Na anayeweza ajue mwisho wake: siku akiruka vema, mwachie aende.

Sita. Osha mikono kwa sabuni kabla na baadaye. Na ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiguse, zuia watoto, peleka habari kwa mkubwa wa kartie na kwa watu wa afya ya wanyama. Homa ya ndege ilifika nchi yetu mwaka 2017, kule Ituri.

Kuhusu yatima wa kweli tunao mfano Lubumbashi. Kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006, kinalea watoto wa sokwe walionyang'anywa kutoka kwa wauzaji. Mwindaji hawezi kumpata mtoto wa sokwe bila kumwua mama anayemkumbatia, na pengine wengine wa jamaa wanaomtetea. Watoto wale hawana pa kurudi. Kwa hao kuokota ni haki, na kazi yake ni ya miaka mingi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kuokota ni kubaya. Tunasema kuokota kuwe kwa yule asiye na mtu.

4. NA KAMA NI MTOTO WA BUNDI?

Wandugu, mpaka hapa wengi wamekubali. Sasa tufike mahali ambapo imani yetu inapimwa.

Bundi mweupe anapenda kukaa karibu na watu. Anataga chini ya paa, katika magofu, katika minara na majengo ya zamani ya viwanda. Inaweza kutokea kwamba mtoto wake anaanguka katika ua, au ndani ya kanisa. Ana uso wa ajabu, manyoya meupe kama pamba, na sauti yake ni kama ya nyoka akitoa pumzi. Hapo ndugu yule yule aliyemhurumia mtoto wa shomoro anapiga kelele: "Ulozi! Leteni mafuta, mchomeni!"

Tuulize: kosa lake ni nini? Sheria ya Musa inamtaja bundi kati ya ndege wasioliwa. Haikusema kwamba ni mlozi, wala haikusema achomwe. Yeye ni mwindaji wa usiku aliyeumbwa na Mungu yule yule. Kila usiku anakula panya, wale panya wanaoharibu mahindi yetu na kutafuna daftari za watoto wetu. Analia usiku kwa sababu usiku ndiyo saa ya kazi yake, kama mchimbaji wa zamu ya usiku. Mtu akifa katika kartie baada ya bundi kulia, tukumbuke pia siku zote alizolia na hakuna aliyekufa. Hizo hatuzihesabu.

Sisi ni watoto wa unabii. Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi kule Nkamba, watu walitupa hirizi na sanamu zao, kwa maana walisikia kwamba Mungu ana nguvu kuliko vyote walivyoviogopa. Baba zetu walizitupa. Je, sisi wajukuu tutairudisha hofu ile kwa mlango wa nyuma, na kuikalisha juu ya paa? Anayemwogopa mtoto wa ndege kuliko anavyomwamini Mungu, hirizi yake bado anayo moyoni.

Kumbukeni pia jinsi Papa mwenyewe alivyotendewa. Wakubwa wa ukoloni walimwogopa kabla ya kumjua. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo tarehe 3 Oktoba 1921. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa kwetu Katanga, gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikaa kifungoni miaka thelathini mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Watu ambao baba yao wa imani alihukumiwa kwa hofu wanapaswa kuwa wa mwisho kuhukumu kwa hofu.

Basi mtoto wa bundi anatendewa kama wengine: arudishwe juu mahali palipo giza na salama, mama yake atakuja usiku. Vaa kitambaa mkononi, maana kucha zake ni kali.

5. MTOTO WA MTU

Kwa nini tumekaa juu ya bundi kiasi hiki? Kwa sababu kelele ile ile, "Ulozi!", katika miji yetu imeelekezwa kwa watoto wa watu. Baba anapoteza kazi, mtoto mchanga anafariki, shimo linaporomoka; kisha macho yote yanamgeukia mtoto mmoja wa nyumba. Mara nyingi ni yule aliyefiwa na mama, au anayekojoa kitandani, au anayeota ndoto mbaya. Anafukuzwa. Anakwenda kulala sokoni, au kuosha mawe ya madini mtoni.

Bwana alisema kwamba sisi ni wa thamani kuliko shomoro wengi. Kama bundi asichomwe kwa ajili ya uso wake, je, mtoto huyu? Sheria ya nchi pia imesema. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshtaki kwa ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu kwa kifungo anayemchafulia mtoto jina hadharani kwa neno hilo. Mtu wa Kanisa asingoje polisi wamfundishe. Asitumie maombi kama mahali pa kumtafuta mlozi kati ya watoto, wala asilipe franga kwa mtu anayeahidi kumtoa mtoto ulozi kwa njaa na viboko.

Na ukimkuta mtoto wa namna hiyo njiani, anza na lile swali letu la kwanza: mama yake yuko wapi? Usikimbilie kumfanya wako, wala kumfanya mtumishi wa nyumba kwa jina la huruma. Tafuta mama, bibi, shangazi, mjomba. Kaa nao, sema nao, rudi tena wiki ijayo. Mara nyingi kiota kipo. Kimevunjika upande mmoja tu, na wazee wawili wa kanisa wanaweza kukifunga tena. Lakini kama umeuliza kwa uaminifu na umeona kwamba hakuna wa kumpokea, ndipo ni yatima. Hapo mikono isibaki mitupu. Parokia yote iwe kiota, na kazi ya kulea iwe ya kila siku, si ya siku moja ya kugawa nguo.

Tunawaomba walimu wa watoto wasome sheria ya kiota siku ya Mungu inayokuja, na kila mtoto mwenye manati aulizwe kwa upole kama anajua ni majira gani. Mafundi wanaotengeneza paa la kanisa waache mahali pa shomoro. Zaburi ya 84 inawataja shomoro na mbayuwayu waliopata makao karibu na madhabahu ya Bwana, na Mungu hakuwafukuza.

Mungu Baba yetu atupe mapendo yanayouliza, atupe kutii sheria yake, na atie nguvu mikono yetu kwa kazi. Amina.